Ngitili za Shinyanga: uoto uliorudi baada ya wenyewe kurudishiwa mamlaka

Katika kumbukumbu za mwaka 1986, ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa msimu ili uoto ukue, zilizotambulika katika mkoa wote wa Shinyanga zilikuwa kama hekta 600. Mkoa huo, kabla ya kumegwa mwaka 2012 na baadhi ya wilaya zake kuingia Simiyu na Geita, ulikuwa na ukubwa wa takribani kilomita za mraba 50,000. Haikupita miaka ishirini, makadirio yakawa yamevuka hekta 350,000, katika vijiji 833. Sehemu kubwa ya miti iliyojaza maeneo hayo haikupandwa na mtu yeyote. Iliota kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini, kwa sababu watu walikubaliana kuiacha iote.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha miti, na picha zake huwa zile za kabla na baada: uwanda mtupu upande huu, kichaka cha migunga upande ule. Mimi nakisoma kama kisa cha mamlaka. Nani anaamua ng'ombe waingie lini? Nani anamtoza faini aliyevunja makubaliano? Fedha ya nyasi na nguzo inakwenda mfuko gani? Shinyanga ilipona pale majibu ya maswali hayo yaliporudi kijijini, na madonda yaliyobaki yapo palepale ambapo majibu hayajakamilika hadi leo.

Ngitili ni nini na inafanyaje kazi

Kwa msomaji asiye wa Usukumani: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, kwa kawaida Novemba, ili nyasi na miti vikue bila kuguswa. Wakati wa mvua ng'ombe wana pa kula kwingi. Baada ya mavuno huingizwa mashambani kula mabua ya mahindi na mtama. Mabua yakiisha, mnamo Julai au Agosti, ngitili hufunguliwa, tena kipande kwa kipande, ili nyasi zifike hadi mvua nyingine. Tangu asili ililenga wanyama wasioweza kufuata malisho ya mbali: ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa, na maksai wa kulimia. Hao wa mwisho ndio muhimu kuliko wote, maana mfugaji mkulima ambaye maksai wake wamekonda mvua ya kwanza inaponyesha amekwisha kupoteza msimu. Nchi yenyewe hupata mvua ya kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na katika miezi mikavu hakuna kitu kingine kinachomvusha mnyama.

Ziko ngitili za kaya, ambazo mtu hujitengea katika ardhi yake, na ziko za jumuiya, zinazosimamiwa na kijiji, kitongoji, au kikundi kama shule na kanisa. Za kaya ni ndogo, za jumuiya ni kubwa zaidi. Tofauti hii nitairudia, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ugomvi wote wa kisa hiki.

Ilipotelea wapi

Lawama iliyozoeleka ni kwamba Wasukuma walifuga ng'ombe wengi mno, wakaimaliza nchi. Ng'ombe ni wengi, hilo halina ubishi. Lakini ukifuata historia hatua kwa hatua unakuta kwamba kila mara uoto wa Shinyanga ulipopata pigo kubwa, nyuma yake palikuwa na amri iliyotoka nje ya kijiji.

Pigo la kwanza lilikuwa vita dhidi ya mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza ulihimiza ufyekaji mkubwa wa vichaka ili kumnyima mdudu huyo makazi na kuzuia malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Kituo cha utafiti wa mbung'o kilikuwa hapohapo Shinyanga ya Zamani. Kazi hiyo ilifungua ardhi kwa watu na ng'ombe, na wengi waliifurahia, ila iliondoa miti katika maeneo makubwa kwa mara moja. Kisha ikaja pamba. Zao hili lilileta fedha ya kwanza ya kweli Usukumani, na fedha ile ikanunua ng'ombe, kwa kuwa mfugaji wa zama hizo hakuwa na pahali pengine pa kuweka akiba yake. Hivyo shamba lilipanuka na zizi likapanuka, kila kimoja kikikisukuma kingine.

Waingereza waliliona tatizo, na jibu lao linafaa kuzingatiwa na kila anayeandika leo neno ushirikishwaji katika andiko la mradi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza 1947, uliwaamuru watu wapunguze mifugo, walime kwa matuta, wafuate kanuni hii na ile ya kuhifadhi udongo, na asiyetii alipigwa faini. Kanuni nyingi kitaalamu hazikuwa mbaya. Watu walizikataa kwa sababu ya namna zilivyoletwa, na TANU ikapata wafuasi wengi Kanda ya Ziwa kwa kuzipinga. Hatimaye utawala uliacha kuzilazimisha. Kilichobaki ni chuki: kwa kizazi kizima, kuhifadhi udongo kulikuwa sawa na kutii mkoloni.

Mwaka 1963 sheria ya nchi huru ilifuta utawala wa machifu. Siwalilii watemi, wengi wao walikuwa wamegeuzwa watoza kodi wa mkoloni, lakini pamoja nao ilidhoofika mikutano na mabaraza yaliyokuwa yakipanga matumizi ya malisho. Halafu, mwaka 1974 na 1975, ikaja Operesheni Vijiji. Kaya zilihamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kukusanywa pamoja. Mtu aliacha nyumba, mti wa kivuli, zizi na ngitili yake, akapewa kiwanja kwenye mstari. Ngitili aliyoiacha nyuma ikawa ya wote, yaani haina mlinzi. Ardhi iliyozunguka vijiji vipya ikafyekwa kwa kuni na kukanyagwa na ng'ombe wa watu wengi waliorundikwa pamoja. Kwa maoni yangu, miaka ile miwili iliumiza ngitili kuliko miaka hamsini ya ufugaji iliyoitangulia.

Kufikia miaka ya 1980 hali ilikuwa ya kutisha kiasi kwamba Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Wanawake walitembea nusu ya siku kutafuta kuni, na walipokosa walipikia mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Ninalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu lina upande wake wa kutisha. Moshi huo wa miaka mingi huwaacha bibi zetu na macho mekundu, na Usukumani macho mekundu yamekuwa hukumu ya kifo kwa vikongwe wanaoshukiwa uchawi. Anayedhani mazingira ni suala la ndege na vipepeo na atafakari hilo. Ukosefu wa kuni ulisaidia kumtengenezea mama mzee alama ambayo wauaji waliitafuta.

HASHI: mwanzo wenye mwelekeo mbovu, kisha mgeuko

Serikali iliunda mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, chini ya wizara ya maliasili, kwa msaada wa Norwei. Baadaye kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kikaingia na utafiti wa miti inayofaa mashambani.

Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida kabisa: vitalu vya miche vinavyoendeshwa na mradi, miche ya miti ya kigeni, maofisa wa kuigawa, na wananchi wa kuipokea. Katika nchi kavu yenye mchwa na mbuzi wasiochungwa, mche uliopandwa na mtu asiyeuhitaji una maisha mafupi. Wataalamu walipoketi na wazee wakiuliza zamani watu walifanyaje, walisikia habari za ngitili. Hapo ndipo mradi ulipogeuka. Badala ya kuleta teknolojia mpya ukaamua kuunga mkono kile ambacho watu walikijua tayari, na kazi ya maofisa ikawa kuwakutanisha watu, kupima mipaka pale walipoomba, kueleza kwa video, maigizo, nyimbo na ngoma, na kuzishawishi ofisi za wilaya ziheshimu maamuzi ya vijiji.

Mgeuko huu unasifiwa sana katika maandiko ya mradi, na unastahili. Ila naona sifa inawekwa mahali pasipo penyewe. Inasemwa kwamba HASHI iliwaelimisha wananchi juu ya umuhimu wa mazingira. Mzee wa Maswa au Meatu aliyezaliwa miaka ya 1920 hakuhitaji kuelimishwa juu ya nyasi za kiangazi. Alichohitaji ni uhakika kwamba akifunga eneo lake Novemba, hakuna ofisa atakayekuja Machi kumwambia ardhi ile imepangiwa mtu mwingine, wala hakuna mchungaji wa kijiji jirani atakayeingiza ng'ombe mia usiku. Uhakika huo ndio HASHI iliomsaidia kuupata, na hiyo ni kazi kubwa kuliko elimu. Pia wakati ulisaidia. Katikati ya miaka ya 1980 siasa za vijiji vya ujamaa zilikuwa zinalegea, na kaya nyingi zilianza kurudi kwenye maeneo yao ya zamani. Aliyerudi kwenye mahame yake alikuta pahali anapopafahamu, akapafunga.

Dagashida na sungusungu

Kiini cha kisa kipo hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dagashida ni mkutano wa jamii wa Kisukuma ambapo mambo ya watu wote hujadiliwa na kuamuliwa: wizi wa ng'ombe, ugomvi wa mipaka, uchomaji moto, uchungaji holela. Mkutano huu ndio uliopanga kanuni za ngitili. Eneo gani lifungwe, lifunguliwe lini, nani aanze kuingiza mifugo, kuni kavu ziokotwe siku zipi, mti gani usiguswe hata ukiwa umeanguka. Aliyekiuka alipigwa mchenya, faini ya kimila ambayo iliweza kuwa mbuzi au ng'ombe kulingana na kosa. Aliyekataa kulipa alitengwa: haendewi msibani, haazimwi jembe, hakuna anayeupokea moto kwake. Katika jamii inayolima kwa kusaidiana, adhabu hiyo haihitaji polisi.

Utekelezaji ukawa kwa sungusungu, walinzi wa vijiji. Hawa walizuka wenyewe huko Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipokithiri na dola haikuwa na nguvu ya kuuzuia. Walikuwa na upinde na mishale, viongozi wao wa ngazi, na mwano, ule ukelele wa hatari unaopokezwa nyumba hadi nyumba mpaka vijiji kadhaa vinakuwa njiani kumfuata mwizi. Serikali ilisita kwanza, kisha ikawatambua, na marekebisho ya sheria ya mgambo ya 1989 yakawapa nafasi kisheria. Kikosi kilekile kilichofuata nyayo za ng'ombe walioibwa kikapewa kazi ya kufuata nyayo za ng'ombe walioingizwa ngitilini. Ulinzi wa msitu haukuundiwa kamati mpya yenye posho. Ulikabidhiwa kwa chombo ambacho watu walikuwa tayari wanakiogopa na kukiamini.

Kuogopwa huko kuna sura mbili, na haitakuwa haki kuificha ya pili. Sungusungu walipiga watu, walitoa adhabu kali bila rufaa, na katika maeneo kadhaa walihusika na kuwafukuza au kuwadhuru watu walioshukiwa uchawi. Chombo chenye nguvu ya kumlazimisha tajiri mwenye ng'ombe mia tatu awatoe ngitilini kina nguvu pia ya kumwonea mjane. Anayetaka kunakili mfano wa Shinyanga kwingine asichukue upinde akaacha baraza. Kilichowazuia sungusungu, pale walipozuilika, ni dagashida iliyokutana hadharani na kuwahoji.

Tendo la tatu lilikuwa kuziunganisha kanuni hizi na sheria ya nchi. Halmashauri za vijiji zilichukua makubaliano ya dagashida na kuyafanya sheria ndogo, chini ya sheria ya serikali za mitaa ya 1982, zikapelekwa wilayani kupitishwa. Tangu hapo mtu aliyetozwa faini hakuweza kukimbilia mahakama ya mwanzo akadai kwamba alionewa na wazee wasio na mamlaka. Na mtu kutoka nje, asiyejali kutengwa kwa kuwa haishi pale, akawa na sheria inayomshika. Bila daraja hili mila ingewafunga wenyeji peke yao.

Matokeo, na swali la nani kayapata

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifanyika uchunguzi katika vijiji 172 vya sampuli. Zilihesabiwa ngitili 18,607 zenye jumla ya hekta 78,122. Ndege wa aina 145 walionekana, mimea zaidi ya aina 150. Utafiti wa kiuchumi uliochapishwa 2005 na wizara ya maliasili pamoja na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ulikadiria kwamba mazao ya ngitili, yaani kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, asali, dawa, mboga na matunda ya porini, yalikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Mwanamke aliokoa kati ya saa 2 na 6 kwa siku katika kutafuta kuni, na saa moja au mbili katika kutafuta maji. Vijiji viliuza nguzo na haki ya kulishia katika ngitili zao, vikajenga madarasa na nyumba za walimu.

Saa hizo za kuni zinanigusa kuliko dola. Dola 14 ni wastani, na wastani hauli wala haulali njaa. Saa zile ni za mama fulani na binti yake, na wanazipata kila siku.

Sasa tazama takwimu ileile kwa upande mwingine. Katika ngitili 18,607, za jumuiya zilikuwa 284. Hazifiki mbili katika kila mia. Ni kweli kwamba moja ya jumuiya huweza kuwa sawa na kadhaa za kaya kwa ukubwa, lakini ujumbe uko wazi: urejeshaji huu, unaotajwa duniani kama ushindi wa jamii, kwa idadi ulikuwa hasa kazi ya kaya moja moja kwenye ardhi zao. Na ili ujitengee ngitili lazima uwe na ardhi ya ziada isiyotakiwa kwa mahindi ya mwaka huu. Mwenye ekari tatu hana cha kufunga. Mwenye ekari mia anafunga hamsini, na ifikapo Septemba anawauzia majirani haki ya kulishia. Jirani yule, ambaye zamani alichunga bure katika mbuga ya wote, sasa ananunua nyasi. Uoto umeongezeka, na pamoja nao umeongezeka umbali kati ya aliye nacho na asiye nacho. Watafiti waliliona hili mapema: kaya maskini ndizo zinazotegemea zaidi ngitili za jumuiya, na za jumuiya ndizo zenye migogoro mingi, kwa kuwa mipaka yake inagombewa na kila mtu anatamani kuzimega.

Wanawake nao. Wao ndio watumiaji wakubwa wa ngitili, ila dagashida ya asili ilikuwa baraza la wanaume, na ngitili ya kaya huhesabiwa ya mume. Mke anaokota kuni kwa idhini. Mume akifa na ndugu zake wakagawana ardhi, ngitili aliyoilinda miaka kumi na mitano inaweza kuwa shamba la pamba la shemeji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatamka wazi kwamba haki ya mwanamke kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanaume, na inataka wanawake wawemo katika baraza la ardhi la kijiji. Kuwemo kwenye baraza na kusikilizwa barazani ni safari mbili, na ya pili Shinyanga bado iko njiani.

Pia wanyama walirudi, na haikuwa heri kwa kila mtu. Fisi alipata pa kujificha, nyani na ndege waharibifu vilevile. Aliyelipia hasara hiyo mara nyingi ni yule mwenye shamba dogo pembeni mwa ngitili ya mwingine.

Karatasi inayokosekana

Mradi wa HASHI ulifungwa mwaka 2004, na shughuli zake zikaendelezwa na kituo cha maliasili na kilimo mseto cha NAFRAC palepale Shinyanga. Mfadhili akiondoka, kijiji kinabaki na kile tu ambacho sheria inakipa.

Kwa maandishi, sheria inakipa mengi. Sheria ya 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, kwa idhini ya mkutano mkuu. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji, na kikifanya hivyo kinaweka ada zake, kinatoza faini zake na kubaki na mapato yake yote. Kaya inaweza kupewa hatimiliki ya kimila. Lakini njia ya kufika huko ina milango: mpango wa matumizi ya ardhi, upimaji wa mipaka pamoja na vijiji jirani, mpango wa usimamizi, sheria ndogo zipitishwe wilayani. Kila mlango unataka mtaalamu, na mtaalamu anataka mafuta ya gari na posho. Ngitili nyingi hazikuvuka milango hiyo. Zinaishi kwa makubaliano, na makubaliano hudumu mradi hakuna anayetaka sana ardhi ile.

Wanaoitaka wameongezeka. Wilayani Kahama mgodi mkubwa wa dhahabu wa Bulyanhulu ulifunguliwa 2001, wachimbaji wadogo wakajaa, na mji ukakua kwa kasi. Mkaa, magogo ya kuegemeza mashimo na viwanja vya kujenga vyote vinatoka katika ardhi inayozunguka. Watoto wa kiume wanaoa na kudai sehemu zao, ngitili ya baba inagawanywa mara nne, na kipande cha hekta moja hakitoshi kulisha jozi moja ya maksai. Mwaka 2010 shirika la TaTEDO lilianza, kwa fedha za Norwei, mradi wa majaribio katika vijiji kumi vya Kahama na Shinyanga Vijijini, ukitafuta kuwalipa wenye ngitili kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na miti yao. Wazo ni la haki. Ugumu ulikuwa uleule: anayelipa kwa kaboni anauliza kwanza eneo ni la nani, mipaka iko wapi, na hati iko wapi.

Msukuma yuleyule, Usangu

Ili kupima kama maelezo haya ni ya kweli, linganisha na bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Wasukuma wengi walihamia huko na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakifuata malisho na maji. Mwaka 2006 serikali iliamuru wafugaji waondolewe Ihefu, ardhioevu ya bonde hilo, wakilaumiwa kukausha mto Ruaha Mkuu, na maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kuelekea Pwani na Lindi, wengi wakifia njiani. Magazeti yaliwaandika kama waharibifu wa mazingira kwa asili yao.

Watu hao wana lugha ileile, ng'ombe walewale, wengine ni ndugu wa tumbo moja na waliofunga ngitili Meatu. Kama utamaduni wa Msukuma ungekuwa ndio chanzo cha uharibifu, Shinyanga isingepona. Na kama hekima ya mababu ingetosha yenyewe kuhifadhi, Usangu usingechakaa. Kilichotofautiana ni nafasi yao. Shinyanga walikuwa na kijiji, baraza na mipaka waliyoitambua wao na majirani zao. Usangu walikuwa wageni: hawakujua mwakani watakuwa wapi, hawakuwa na sauti katika mkutano wa kijiji kilichowapokea, na nyasi walizoziacha leo zingeliwa kesho na mwingine. Mtu asiye na uhakika wa kesho hafungi malisho ya kesho. Nimesikia maofisa wakitaka wafugaji wanaohamahama wafundishwe uhifadhi kwa semina, na huwa nataka niwaulize: semina hiyo itawapa baraza gani, na mpaka upi?

Kwa hiyo, kijiji kinachopokea wafugaji leo, kiwe Kilwa, Mvomero au Mpanda, kinaweza kuchukua kutoka Shinyanga jambo moja la kuanzia, nalo linaanzia mkutano mkuu: wageni waandikishwe kama wakazi, wapewe viti katika kamati ya ardhi, eneo la malisho likubaliwe nao na kuwekewa tarehe za kufungwa na kufunguliwa, na faini iwe moja kwa mwenyeji na mgeni. Wilaya ilipe gharama ya kupima mipaka, maana ndiyo hatua ambayo kijiji hakiwezi kuimudu peke yake. Kwa Shinyanga yenyewe, za jumuiya zitangulizwe katika kupimwa na kupewa hati kabla ya zile za matajiri, na jina la mke liandikwe katika hatimiliki ya kimila ya kila ngitili ya kaya siku ileile inapotolewa.